Kabla ya Kupiga Hema na Watoto, Uliza Maji

Kila muhula wa shule unapofika ukingoni, wazazi wenzangu hunijia na swali moja: watoto tuwapeleke wapi likizo hii? Wanaouliza si matajiri. Ni walimu, makarani, wauguzi na wafanyabiashara wadogo, wenye watoto wa umri wa miaka mitatu hadi minane, ambao mifuko yao haiwezi kustahimili gharama za hoteli za kitalii. Wamesikia kwamba siku hizi si ajabu kwa familia ya Kikenya kukodi hema, kufungasha sufuria na blanketi, na kwenda kulala siku mbili au tatu kando ya ziwa, msituni au ufuoni. Wanataka niwatajie kambi nzuri. Nami huwapa jibu ambalo huwaudhi kidogo: msiniulize jina la kambi, niulizeni maji yake.

Naomba msomaji anivumilie niieleze kauli hiyo, kwa sababu nyuma yake kuna jambo zito kuliko starehe. Wengi wetu huchagua kambi kwa picha na kwa bei, ilhali mtoto mdogo huponzwa au husalimishwa na mambo yasiyoonekana katika picha. Kubwa miongoni mwa mambo hayo ni maji: yako wapi, yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na usiku yanaleta nini.

Hekima hii si yangu. Waingereza wana desturi ya kwenda likizoni na chumba kidogo cha magurudumu kinachokokotwa na gari, nao hukiita karavani. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza haikuwa chumba bali msafara, yaani kundi la watu na wanyama wa mizigo wanaosafiri pamoja wakilindana. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufunzwa msafara ni nini. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Mombasa, ikapitia Rabai, kisha ikaikabili Nyika ya Taru ambako maji yalikuwa haba mno. Mbele ya msafara alitangulia kirongozi. Kazi yake haikuwa kuonyesha njia tu. Alipaswa kujua maji yalipo, maana urefu wa mwendo wa siku na mahali pa kulala vyote vilitegemea maji. Wavuvi wa pwani nao wana neno lao, dago, ambalo ni kambi ya muda wanayopiga mbali na kwao wakati wa uvuvi. Hakuna mvuvi mwenye akili timamu anayepiga dago kabla ya kujua maji yatajaa hadi wapi. La ajabu ni kwamba sisi tuliosoma, tena tuliofuatana na watoto wa miaka minne, twatua popote palipo na nyasi za kijani.

Sijitoi katika lawama hii. Miaka kadhaa iliyopita, katika likizo ya Agosti, mimi na mke wangu tuliwapeleka watoto wetu wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka minne, kwenye kambi iliyo kando ya ziwa mojawapo la Bonde la Ufa. Jina la kambi nalihifadhi. Tangazo lake lilisema kuwa ni kambi "ya kifamilia". Picha zilionyesha uwanja wa nyasi, migunga mirefu, bembea mbili na watoto wakicheka. Tulichelewa barabarani, tukafika jua likitua. Nilichagua mahali nilipopaona pazuri kuliko pote, hatua thelathini hivi kutoka majini, ili watoto wakiamka walione ziwa. Sikuuliza lolote.

Usiku wa manane yule mdogo aliamka akitaka kwenda haja. Nilifungua zipu ya hema, naye kwa wepesi wa watoto akapenya chini ya mkono wangu na kutoka kabla sijawasha tochi. Nilipoiwasha, mbele yake, umbali usiozidi urefu wa basi, alisimama kiboko akila nyasi. Sikupiga kelele, sauti ilinikauka. Nilimvuta mtoto kwa fulana yake nikamrudisha ndani, tukakaa kimya wote wanne, tukisikiliza nyasi zikikatwa hadi karibu na alfajiri. Ua wa nyaya za umeme ulikuwapo, nikaambiwa asubuhi, lakini jenereta huzimwa saa nne usiku ili kupunguza gharama.

Mwenye kambi aliniambia nisiwe na wasiwasi, kwani kiboko huyo hajawahi kumdhuru mtu. Aliyenifunza somo ni askari wa usiku, mzee wa kijiji cha jirani. Alinionyesha kijia kilichokanyagwa kikatoka majini hadi malishoni, kikipita ubavuni mwa hema langu, akasema: "Mwalimu, hii ni barabara yao. Wewe ndiye uliyelala barabarani." Nilimuuliza mbona hakuniambia jana yake. Akanijibu kwa upole: "Hukuuliza."

Tangu siku hiyo nimelitazama neno "kifamilia" kwa jicho la taaluma yangu. Katika lugha yetu kiambishi ki- aghalabu huleta maana ya namna au mfano. Mtu aliyevaa kifalme si lazima awe mfalme. Anafanana naye tu. Vivyo hivyo kambi "ya kifamilia" yaweza kuwa inafanana na mahali pa familia, na isiwe. Wenye kambi wakisema kifamilia, mara nyingi wanamaanisha bembea, vibanzi na soda. Mimi napendekeza maana nyingine. Kambi ya familia ni ile ambayo kosa moja la mtoto haliwi kosa lake la mwisho. Mtoto wa miaka minne atakosea tu: atatoka hemani bila ruhusa, atafuata kipepeo hadi ukingoni, atakunywa maji ya mfereji wowote aukutao. Kambi inayofaa imekwisha kuyatazamia makosa hayo kabla mtoto hajayafanya.

Tuanze na maziwa. Kiboko hushinda majini, na usiku hutoka kwenda kula nyasi, aghalabu akifuata njia zake za siku zote. Si mnyama wa kufanyiwa mzaha. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha. Fauka ya hayo, maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda katika miaka ya karibuni. Kufikia 2020 maji ya Naivasha, Nakuru na Baringo yalikuwa yamemeza mashamba, nyumba na barabara. Maana yake ni kwamba ukingo uliokuwa mbali na hema mwaka ule waweza kuwa mlangoni mwaka huu, na picha ya tangazo yaweza kuwa ya ziwa ambalo halipo tena mahali pale. Basi mzazi aulize: njia za viboko zinapita wapi? Je, ua wa umeme unawaka usiku kucha? Ni nani anayekesha, na yuko umbali gani na hema letu?

Maji ya pili ni yale yanayotoka mbali. Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika, kwa kudhani kwamba mbingu ikiwa nyeupe tulipo, basi tu salama. Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha ni mojawapo ya mahali panapopendwa mno na familia, kwani mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli miongoni mwa twiga na punda milia. Lakini korongo lake la Ol Njorowa ni jembamba, na mvua inayonyesha kwenye miinuko hukusanyika na kushuka humo kwa ghafla. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walifariki humo baada ya kusombwa na maji. Septemba 2019 mafuriko ya namna hiyohiyo yaliua tena watu waliokuwa wakitembea korongoni. Na mwanzoni mwa Mei 2024 Mto Talek ulivunja kingo zake huko Maasai Mara. Kambi zaidi ya kumi zikafurika, na wageni wakaokolewa kwa mashua na helikopta. Kambi hizo zilijengwa kando ya mto kwa sababu ileile iliyonifanya nipige hema langu kando ya ziwa: mandhari.

Hebu sasa tuitazame kalenda ya shule. Likizo ya kwanza huangukia Aprili, katikati ya masika. Likizo ndefu huanza mwisho wa Oktoba au Novemba, wakati wa vuli. Ni likizo ya Agosti peke yake ambayo kwa kawaida huwa kavu katika sehemu nyingi za bara. Kwa maneno mengine, likizo mbili kati ya tatu zatukuta mvuani, na hatuwezi kuibadili kalenda kwa matakwa yetu. Tuwezacho ni kubadili mahali. Aprili tusilale kando ya mto wala katika bonde. Tutafute mwinuko wenye udongo unaopitisha maji na barabara isiyokatika. Anayeshindwa kupata mahali kama hapo, heri awapeleke watoto kwa nyanya yao. Novemba nako tusubiri mvua zipungue. Agosti twaweza kwenda Naivasha au Nyahururu, lakini tukumbuke baridi. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mtoto anayelala chini bila mkeka mzito hupata kifua kabla ya kupata furaha.

Maji ya tatu ni ya bahari. Familia nyingi za bara huelekea Pwani zikidhani bahari ni moja mwaka mzima. Wenyeji wa Pwani hawasemi hivyo. Wanajua kwamba kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba huvuma kusi, na bahari huwa na mawimbi, wakati ambapo Disemba hadi Machi huvuma kaskazi, na bahari hutulia zaidi. Wanajua pia kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kwamba siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ufuo ambao saa tatu asubuhi ulikuwa uwanja mpana wa mchanga na vidimbwi waweza kufunikwa kabisa ifikapo saa tisa alasiri. Mtoto aliyeachwa akichezea vidimbwi vya mwambani hajui habari hiyo, na baba yake aliyetoka Nyeri huenda naye asiijue. Mwenye kambi ya ufuoni ambaye hawezi kukwambia leo maji yatajaa saa ngapi hafai kukabidhiwa watoto wako. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Maji ya nne ni ya kunywa, na mwenziwe ni choo. Mzazi asitosheke kuambiwa kwamba maji yapo; aulize yanatoka kisimani, ziwani au tangini, na tangi hilo husafishwa lini. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina madini ya floridi kupita kiasi. Kuyachemsha maji huua viini, lakini hakuondoi floridi. Siku mbili za maji hayo hazitamharibu mtoto, lakini kwa kuwa siku ni chache, kubeba madumu ya maji ya kunywa kutoka nyumbani si mzigo mkubwa. Na choo kitazamwe kwa macho, wala si kwa kusikia. Je, tundu la choo cha shimo ni la mtu mzima au pana cha kukalia mtoto? Kuna taa? Kati ya choo na hema kuna hatua ngapi, na usiku nani atazitembea? Choo kikiwa chini ya ukingo na kisima kikiwa chini ya choo, msomaji hahitaji shahada kujua kinachotiririkia wapi.

Maji ya tano ni yale yanayotuama. Penye vidimbwi, mitaro iliyoziba na mapipa wazi pana mbu. Pwani na ukanda wa Ziwa Victoria ndizo sehemu zetu zinazosumbuliwa mno na malaria, na watoto walio chini ya miaka mitano ndio wanaodhurika zaidi. Chandarua kiingie katika mzigo kabla ya mpira. Halafu liulizwe swali ambalo halimo katika tangazo lolote: hospitali iliyo wazi usiku iko wapi, na gari litachukua muda gani kufika huko kwa barabara ilivyo leo? Kama jibu linapita saa moja, na mtoto ana umri wa miaka miwili, mimi nisingekwenda.

Nisisahau kidimbwi cha kuogelea, ambacho wenye kambi hukitangaza kama pambo la kwanza. Mtoto anayezama hapigi mayowe kama tunavyoona katika filamu. Aghalabu huzama kimya, tena kwa dakika chache, mzazi akiwa hatua kumi kutoka hapo akigeuza nyama. Kidimbwi kisicho na ua wenye lango linalojifunga ni shimo lililopakwa rangi ya samawati.

Najua yapo watakaonipinga. Mwenzangu mmoja chuoni aliniambia: "Wewe unatia watu hofu. Watoto wa kina mama wa mashambani hucheza kando ya mito kila siku na hawafi." Nilimjibu kwamba wengine hufa, ila hatuandiki habari zao. Lakini hata tukiacha hilo, mtoto wa mahali anapajua mahali. Bibi yake alimwonyesha penye kina, na kaka yake alimfunza alama za nyayo. Mtoto wangu wa mjini alifika jioni akaondoka keshokutwa. Hakuwa na bibi wala kaka pale, alikuwa na mimi tu, nami sikujua kitu. Wengine husema safari bila hatari si safari. Nakubali. Mtoto na apande mti, aanguke, achubuke goti, alie, apande tena. Hiyo ndiyo faida ya kumtoa kwenye vyumba vya saruji. Ninachokikataa ni hatari ambayo mtoto hawezi kuiona na ambayo haimpi nafasi ya pili.

Wala nisieleweke kwamba ninawaambia watu wakae nyumbani. Watoto waliolala hemani hujifunza kuwasha moto, kugawana tochi moja, na kunyamaza wamsikilize bundi. Nchi hii ni yao kabla haijawa ya watalii. Anayeanza na ajifunze kidogo kidogo: usiku mmoja karibu na nyumbani kabla ya usiku mitatu mbali. Katika hifadhi zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, aulize tofauti kati ya kambi za umma na kambi maalumu. Jina "maalumu" humpendeza mtu, lakini kambi hizo hukodishwa na kundi moja peke yake, na kwa kawaida hazina choo wala maji. Kwa familia yenye mtoto mdogo, kambi ya umma yenye majirani na msala ni bora kuliko upweke wenye jina kubwa. Na juu ya yote, afike mchana. Saa mbili za mwanga zatosha kuuzunguka uwanja mzima kwa miguu, mtoto akishikwa mkono, kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa. Akikuta mambo hayalingani na ahadi, aondoke, hata kama amekwisha kulipa.

Lakini si haki mzigo wote kumwangukia mzazi. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa kwa Sheria ya Utalii ya 2011, ndiyo inayotoa leseni kwa biashara hizi. Kanuni za mazingira za 2006 nazo zinakataza ujenzi katika eneo la kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutoka ukingo wa mto, kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Sheria tunazo, yaliyotokea Talek yanatulazimu tuulize zinasomwa na nani. Napendekeza kwamba kambi yoyote inayojiita ya kifamilia ilazimishwe kuweka kibao langoni, kwa Kiswahili chepesi pamoja na picha kwa ajili ya wasiojua kusoma, kikieleza mambo manne: maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa ya mwisho, wanyama gani hupita usiku na wapi, maji ya kunywa hutoka wapi, na hospitali ya karibu iko umbali gani. Katika kambi nyingi nilizozitembelea, maonyo yameandikwa kwa Kiingereza peke yake, kana kwamba kiboko huwadhuru wageni wa ng'ambo tu. Kibao hicho hakitamgharimu mwenye kambi hata bei ya bembea moja.

Na yule askari mzee asisahaulike. Watu kama yeye ndio viron­gozi wa siku hizi. Wanajua maji yalifika wapi, mnyama hupita wapi, na tawi gani la mgunga limeoza. Lakini huajiriwa kufungua lango na kubeba mizigo, wala hakuna anayewaamuru waseme, nasi wageni tunaona haya kuwauliza. Mwenye kambi angempa mzee huyo dakika tano za kuzungumza na kila familia inapowasili, angekuwa ameokoa zaidi kuliko anachookoa kwa kuzima jenereta.

Mwanangu yule sasa amekua, naye husimulia kisa cha kiboko kwa majivuno, akikiongeza chumvi kila mara. Mimi humwacha asimulie. Ninachokumbuka ni fulana yake iliyokuwa mkononi mwangu, na jinsi ilivyokaribia kuniponyoka. Likizo inakuja, ndugu msomaji. Wapeleke watoto, lakini ukifika langoni, kabla ya kushusha hema, mwite askari, umwamkie, kisha umuulize.